Abramovich aliiachia nini Chelsea?

Kipindi chetu cha michezo kikifungua simu siku moja baada ya Chelsea kufungwa, haipiti robo saa bila jina la Roman Abramovich kutajwa. Mmoja atasema angekuwepo yeye, kocha angekuwa ameshafungashiwa virago. Mwingine atajibu kwamba fedha zile zilikuwa na mambo yake na tuache kumlilia. Simu ni za dakika moja moja, salio la mpigaji linakata, na ubishi unaishia hewani. Ndiyo maana nauandika hapa, usome kwa nafasi yako.

Abramovich aliinunua Chelsea mwaka 2003 kutoka kwa Ken Bates. Bates mwenyewe aliipata mwaka 1982 kwa pauni moja tu. Usidhani amekosea kuandika, ni pauni moja, pamoja na madeni yote. Kufikia 2003 klabu ilikuwa na madeni ya takriban pauni milioni 80, na ununuzi mzima, ukijumlisha madeni hayo, ukagharimu kama pauni milioni 140. Haikuwa timu ya kuokota. Ilikuwa imechukua Kombe la FA mwaka 1997 na 2000, na siku ya mwisho ya msimu wa 2002/03 iliifunga Liverpool 2-1 ikafuzu Ligi ya Mabingwa. Lakini ubingwa wa England ilikuwa imeuchukua mara moja tu tangu izaliwe, mwaka 1955.

Baada ya hapo ni hesabu ambayo shabiki wa Chelsea anaikariri kama namba yake ya simu. Ligi Kuu mara 5. Kombe la FA mara 5. Kombe la Ligi mara 3. Ligi ya Mabingwa mara 2, Munich mwaka 2012 na Porto mwaka 2021. Ligi ya Europa mara 2. Ongeza Super Cup ya Ulaya, Klabu Bingwa Dunia na Ngao ya Jamii mbili. Jumla ni vikombe 21 katika miaka isiyotimia 19, tena hapo hatujagusa timu ya wanawake.

Sisi wa huku tuna sababu yetu ya ziada. Didier Drogba alifika mwaka 2004 akitokea Marseille, Michael Essien mwaka 2005 akitokea Lyon, kisha Salomon Kalou na John Obi Mikel mwaka 2006. Usiku wa Munich, Drogba alisawazisha kwa kichwa dakika ya 88, halafu akapiga penalti ya mwisho iliyoleta kombe. Kijana aliyekuwa amebanana kwenye kibanda umiza usiku ule hakuulizwa fedha za Drogba zilitoka wapi. Alilipa kiingilio, akaangalia, akawa shabiki wa maisha. Nami simlaumu, maana nilikuwa mmoja wao.

Fedha zilikuwa za namna gani?

Hapa wengi hupitiliza. Fedha ambazo Abramovich aliingiza Chelsea, kwa sehemu kubwa, hazikuandikwa kama zawadi. Ziliandikwa kama mkopo kupitia kampuni mama inayoimiliki klabu. Kufikia 2022 deni hilo lilikuwa kama pauni bilioni 1.5. Ukiligawanya kwa miaka ile, unapata zaidi ya pauni milioni 1.5 kila wiki, msimu uwe na mechi au usiwe nazo.

Tuseme familia ina duka kijijini na mjomba aliye mjini ndiye anayeleta bidhaa. Kila mzigo ukifika, unaandikwa kwenye daftari kama deni. Mjomba hadai hata siku moja. Duka linapendeza, rafu zimejaa, majirani wanasifia. Je, duka hilo linajiendesha? Huwezi kujua mpaka siku mjomba asipoonekana.

Naye mjomba alizipata wapi? Utajiri wa Abramovich ulitokana na mafuta ya Urusi. Miaka ya 1990 serikali ya nchi hiyo ilikuwa imeishiwa fedha, ikagawa mashirika yake makubwa kwa matajiri wachache kwa bei ya chini mno. Abramovich na mwenzake Boris Berezovsky walilipata kwa njia hiyo shirika la Sibneft mwaka 1995. Mwaka 2005 hisa zake za Sibneft ziliuzwa kwa Gazprom, kampuni ya serikali, kwa dola bilioni 13 hivi. Kati ya 2000 na 2008 alikuwa pia gavana wa Chukotka, jimbo la baridi kali mashariki ya mbali ya Urusi. Mtu huwi gavana huko bila ridhaa ya Kremlin. Mambo haya yote yalikuwa yanajulikana London alipokuwa anashangiliwa.

Wiki mbili za Machi

Urusi iliivamia Ukraine tarehe 24 Februari 2022. Tarehe 2 Machi Abramovich alitangaza kuiuza Chelsea, akasema hatadai mkopo wake, na kwamba kitakachobaki kwenye mauzo kitawekwa kwenye mfuko wa kuwasaidia waathirika wote wa vita vya Ukraine. Tafadhali likumbuke hilo neno "wote", tutalirudia.

Siku tatu baadaye Chelsea ilikuwa Burnley. Kabla ya mpira kuanza, uwanja mzima ulipewa dakika ya kupiga makofi kwa ajili ya watu wa Ukraine. Katikati ya makofi hayo sehemu ya mashabiki wa Chelsea waliosafiri wakaanza kuimba jina la Abramovich. Mashabiki wa Burnley wakawazomea. Chelsea ilishinda 4-0, lakini baada ya mechi kocha Thomas Tuchel alisema wazi kwamba ule haukuwa wakati wake. Hata Stamford Bridge, lile bango lililoning'inizwa jukwaani kwa miaka mingi, linalocheza na jina lake Roman kwa kuiita Chelsea dola ya Kirumi, halikushushwa mara moja.

Unaweza kusema ni utovu wa adabu, na mimi nasema hivyo. Lakini jiulize walikuwa wanaimba nini. Hawakuwa wanaimbia vita. Walikuwa wanamuaga mtu aliyewapa kila kitu walichoomba kwa Mungu wa soka, na hawakuona kwamba kuna watu wengine kwenye hesabu hiyo. Tajiri akishakupa furaha, kumuuliza maswali huonekana kama kumkosea shukrani.

Tarehe 10 Machi serikali ya Uingereza ikamwekea vikwazo, mali zake zikazuiwa, na Chelsea ilikuwa mojawapo ya mali hizo. Kwa usiku mmoja mabingwa wa Ulaya hawakuruhusiwa kuuza tiketi mpya, kusajili, kuongeza mikataba wala kuuza jezi. Duka la klabu likafungwa. Kampuni ya simu iliyokuwa kifuani mwa jezi ikasimamisha udhamini. Safari ya ugenini iliwekewa kikomo cha pauni 20,000, na Tuchel akatania kwamba ikibidi ataendesha mwenyewe gari la watu saba. Huku kwetu angechukua Noah. Klabu ikafika hadi kuomba mechi yake ya Kombe la FA dhidi ya Middlesbrough, ugenini kwa wenyewe, ichezwe bila watazamaji kwa sababu mashabiki wa Chelsea wasingeweza kununua tiketi. Ilizomewa kila upande, ikaliondoa ombi.

Hapo ndipo ile picha ya duka ilipothibitika. Mjomba hakuonekana, na wiki hiyohiyo rafu zikaanza kuwa tupu.

Hati ya kiwanja

Kuna jambo moja ambalo kwenye simu sijawahi kulisikia, na kwangu ndilo zito kuliko vikombe. Abramovich alimiliki klabu, lakini hakumiliki ardhi ya Stamford Bridge.

Miaka ya 1980 kiwanja hicho kilikuwa mikononi mwa kampuni za majengo, na Chelsea ilikuwa mpangaji anayesubiri kufukuzwa ili zijengwe nyumba za matajiri. Iliponea chupuchupu baada ya soko la nyumba kuporomoka na kampuni iliyoshika kiwanja kufilisika mwaka 1992. Mwaka uliofuata ikaanzishwa kampuni ya mashabiki, Chelsea Pitch Owners. Mwaka 1997, kwa mkopo uliotoka kwa klabu yenyewe, kampuni hiyo ikapata hati ya kiwanja. Klabu inapanga kwa miaka mingi kwa kodi ya jina tu. Sharti lake ni moja: jina Chelsea Football Club liko chini ya kampuni hiyo, na ukihama Stamford Bridge bila ridhaa yake unaliacha jina nyuma. Hisa moja iliuzwa pauni 100, na mtu mmoja, hata awe na hisa elfu moja, hapigi zaidi ya kura 100.

Oktoba 2011 klabu ya Abramovich ilirudi kwa wanahisa hao na kuomba hati. Sababu zilikuwa za maana. Uwanja ulikuwa mdogo, Arsenal walishahamia kwenye uwanja wa watu 60,000, na kupanua Stamford Bridge kulionekana kugumu. Klabu ikaahidi kurudisha fedha za hisa, na kwamba ikihama kabla ya 2020 haitakwenda zaidi ya maili tatu. Ilihitaji asilimia 75 ya kura ikapata kama 61 na ushee. Ombi likaanguka.

Wengi kati ya waliokataa ndio hao hao waliokuwa wanamwimbia kila Jumamosi. Walimpenda, wakamshangilia, na hati wakabaki nayo. Hapo msomaji wa kijijini haitaji maelezo marefu. Mgeni mwema unamkaribisha, unampa eneo ajenge, mnakula naye pamoja. Hati unaiweka kwenye sanduku chini ya kitanda, si kwa sababu ni mbaya, bali kwa sababu hujui mrithi wake atakuwa nani. Tarehe 30 Mei 2022 mrithi akajulikana: kundi la Todd Boehly na kampuni ya Clearlake Capital, kwa pauni bilioni 2.5 na ahadi ya kuwekeza bilioni 1.75 zaidi. Walinunua vyote isipokuwa ile hati.

Kwetu Tanzania mjadala huu hauko mbali. Shabiki wa Simba au Yanga anaweza kuwa na kadi ya uanachama na kupiga kura kwenye mkutano mkuu, na utaratibu wa mabadiliko ya klabu za wanachama unataka wanachama wabaki na asilimia 51, wawekezaji wasizidi 49. Tunalalamika kwamba mikutano ina kelele. Shabiki wa Chelsea hakuwa hata na mkutano wa kupigia kelele, isipokuwa huo wa kiwanja. Aprili 2021, klabu yake ilipojiunga na Super League bila kumuuliza, alilazimika kwenda kuziba barabara nje ya uwanja kabla ya mechi na Brighton, hadi Petr Čech akatoka kuwasihi watu wapishe basi la timu.

Fedha bado ziko benki

Ile pauni bilioni 2.5 imefika Ukraine? Hapana. Iliingizwa kwenye akaunti ya benki Uingereza na ikakaa humo. Serikali inataka itumike kwa misaada ndani ya Ukraine tu. Upande wa Abramovich unashikilia neno lile la "wote", ambalo linaweza kumgusa hata aliyeko Urusi. Mwaka 2025 serikali ilitangaza kwamba iko tayari kwenda mahakamani. Miaka mitatu na zaidi, neno moja limeweka rehani fedha ambazo zingejenga hospitali nyingi.

Bili nyingine zilikuja baadaye. Wamiliki wapya walijipeleka wenyewe kwa wasimamizi wa mpira kueleza taarifa za fedha zisizo kamili za miaka ya Abramovich, na mwaka 2023 UEFA ikaitoza klabu faini ya euro milioni 10. Septemba 2025 Chama cha Soka cha England kikafungua mashtaka 74 dhidi ya klabu, mengi yakihusu malipo ya mawakala katika misimu ya kati ya 2010 na 2016. Faini hazimwendei aliyeondoka. Zinaikuta klabu.

Hata hivyo jina lake halijafutika viwanjani. Chelsea ilimaliza ya 12 msimu wa kwanza kamili wa wamiliki wapya, baada ya usajili wa mamia ya mamilioni, na jukwaa likamwimbia Abramovich kuwachoma waliopo. Hata kwenye maandamano ya 2025 nyimbo hizo zilisikika, mwaka uleule ambao Chelsea ilikuja kuifunga Paris Saint-Germain 3-0 na kuwa bingwa wa dunia. Linganisha na Newcastle: Mike Ashley alipoondoka Oktoba 2021, baada ya kushuka daraja mara mbili chini yake, watu walijaa nje ya St James' Park wakisherehekea. Nani kainunua? Mfuko wa serikali ya Saudi Arabia. Wachache kati ya wale wa nje ya uwanja walitaka kuliongelea hilo usiku ule.

Ukiniuliza mimi, Abramovich alikuwa mmiliki mzuri kwa anayehesabu vikombe, na wa hatari kwa anayehesabu siku. Vikombe ni vya kweli na Drogba hakucheza kwa hila. Lakini klabu iliyoweza kusimamishwa asubuhi moja kwa sahihi ya waziri haikuwa imejengwa juu ya msingi wake yenyewe.

Sasa wamiliki wapya wana tatizo lilelile la mwaka 2011. Stamford Bridge inachukua watu 40,000 hivi, na lazima waamue kujenga hapohapo au kuhama. Wakitaka kuhama na jina lao, watalazimika kwenda kwa wanahisa wa kile kiwanja, kama alivyokwenda Abramovich, na kuomba asilimia 75 ya kura zao.