Usingizi wa Dereva: Hatari ya Kilomita za Mwisho

Kila mwisho wa mwaka, familia nyingi husafiri kwa magari binafsi kwenda kula sikukuu nyumbani. Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100. Dereva aliyeamka saa tisa usiku ili awahi safari huweza kufika Shinyanga saa mbili usiku. Zimebaki takriban kilomita 160, abiria wamelala, na simu za kuuliza "mmefika wapi?" haziishi. Dereva hujiambia kwamba ameshafika, ilhali uchovu wake ndio kwanza umefikia kilele.

Kinachotokea mwilini

Tangu mtu anapoamka, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya katika ubongo na kuongeza haja ya kulala. Huondolewa kwa usingizi, si kwa ujasiri. Utafiti uliofanywa Australia na kuchapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba baada ya saa 17 bila kulala, utendaji wa mtu hushuka hadi kulingana na wa mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu. Dereva aliyefika Shinyanga yuko katika kiwango hicho hata kama hajaonja pombe.

Katika hali hiyo ubongo huweza kulala kwa sekunde chache bila mhusika kujua, wakati mwingine macho yakiwa wazi. Gari lenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Usingizi wa sekunde nne ni takriban mita 90 bila dereva.

Dalili na hatua za kuchukua

Miayo mfululizo, kope nzito, gari kuhama upande wake na kutokumbuka kipande cha barabara kilichopita ni dalili za kusimama mara moja. Kufungua dirisha au kuongeza sauti ya redio hakuondoi usingizi.

Dereva aegeshe mahali salama, nje ya barabara, alale dakika 15 hadi 20. Akinywa kahawa kabla ya kulala, kafeini itaanza kufanya kazi wakati anaamka, kwa kuwa huchukua takriban nusu saa. Asiondoke papo hapo. Asubiri hadi uzito wa usingizi umwishe. Hata hivyo, nafuu hiyo ni ya muda mfupi. Aidha, baadhi ya dawa za mafua na mzio, kama klorofeniramini, huleta usingizi, hivyo zisitumiwe na anayeendesha.

Kwa aliyekesha barabarani saa 17, ushauri bora ni kumwachia usukani dereva mwingine mwenye leseni aliyepumzika, au kulala Shinyanga na kumalizia safari asubuhi. Wanaosubiri nyumbani nao wana sehemu yao: wampigie msafiri kumwambia alale, na kwamba chakula kitamngoja hadi kesho.