Menyu Ianze na Haja ya Mtu

Wateja wanaofika kwenye kibanda changu cha uwakala hapa Nyakanazi, wilayani Biharamulo, kila mmoja huja na haja yake, na anaijua vizuri. Dereva wa lori linaloelekea Rusumo anataka kuwatumia watoto pesa ya matumizi kabla hajarudi barabarani. Mama aliyeuza mahindi anataka kutoa alicholipwa. Kijana anataka LUKU, nyumbani kumekuwa giza. Sijapata mteja aliyeniambia anatafuta "huduma za kifedha". Lakini akifungua menyu ya simu, maneno ya namna hiyo ndiyo yanayompokea, na mtu aliyekuwa na uhakika huanza kubahatisha.

Nilianzia kazi hii Benaco, wilayani Ngara, kabla sijahamia huku. Kote nilikofanya kazi nimeona jambo lilelile: anayeshindwa na menyu hashindwi kwa ujinga. Anashindwa kwa sababu aliyeipanga hakuanza na haja yake.

Vodacom ilileta M-Pesa nchini mwaka 2008, na mitandao mingine ikafuata. Siku hizi *150*00# ya M-Pesa, *150*60# ya Airtel Money na *150*88# ya HaloPesa zimekaa kichwani hata mwa mzee anayesoma kwa shida. Namba hizi hupita kwenye njia iitwayo USSD, isiyohitaji intaneti wala simu janja, kitochi kinatosha. Lakini ina mipaka yake. Ujumbe mmoja hubeba herufi 182 tu, pamoja na nafasi zake. Kila unapochagua, jibu lako husafiri hadi kwenye mitambo ya kampuni, nayo hurudisha ukurasa mwingine. Ukichelewa, au mtandao ukiyumba kama unavyoyumba kwenye vilima vya Rulenge, kila kitu hukatika na unaanza upya. Kwa hiyo hatua moja ya ziada ni nafasi nyingine ya kukwama.

Mpangaji wa menyu ana njia mbili. Aweke machaguo mengi kwenye ukurasa mmoja, au aweke machache na kuyaficha mengine ndani, hatua baada ya hatua. Mwaka 1981, mtafiti wa Marekani Dwight Miller alipima jambo hili kwa vitu 64. Alivipanga kwa hatua 6 zenye machaguo mawili mawili, kwa hatua 3 za manne manne, kwa hatua 2 za manane manane, kisha vyote 64 kwa pamoja. Mpangilio wa hatua 2 za manane ndio uliowafikisha watu haraka zaidi. Piga hesabu ya kitochi: machaguo manane yenye herufi 20 kila moja ni herufi 160. Yanaenea, na nafasi ya kichwa cha habari inabaki.

Kwa watu waliosoma kidogo jambo hili lina uzito zaidi. Indrani Medhi na wenzake, waliofanya utafiti nchini India, walionyesha mwaka 2013 kwamba kadiri menyu inavyozama ndani, watu wote hupata shida, ila wenye elimu ndogo hupata shida kubwa zaidi, hata pale picha zinapotumika badala ya maandishi. Kinachowasumbua ni kukisia kitu walichokifuata kimewekwa katika kundi gani.

Ndiyo maana nasema makundi yafuate haja ya mtu, yasifuate idara za kampuni. Tuma. Toa. Lipa. Nunua. Angalia salio. Mwenye kulipa leseni au faini kwa namba ya kumbukumbu ya Serikali amekuja kulipa, basi aikute chini ya "Lipa". Mwaka 2014 Tigo ilianzisha utumaji wa pesa kati ya Tanzania na Rwanda, fedha ikibadilishwa njiani. Kwa mkazi wa Dodoma huenda huduma kama hiyo ni ya mara moja moja, lakini kwa mfanyabiashara wa Rusumo ni ya kila siku. Ikikaa chini ya "Tuma pesa", wote wawili wataifikia. Ikikaa chini ya "Huduma nyingine", wa Rusumo ataniuliza mimi.

Halafu kuna mpangilio wa juu na chini. Mwenye duka huweka sukari, chumvi na sabuni pale mkono unapofika, kwa sababu ndivyo vinavyoulizwa kutwa. Menyu nayo itangulize vinavyotumika sana. Ikishatangulizwa, isiguswe ovyo. Wateja wangu wengi hawasomi ukurasa, wameshika namba: moja, kisha moja, kisha namba ya simu. Kampuni moja iliwahi kupachika huduma mpya katikati ya orodha, chaguo la kutoa pesa likasogea chini. Wiki ile wazee walibonyeza walichozoea na kuangukia kwingine, wakadhani simu imeharibika. Huduma mpya ina mahali pake: mwisho wa orodha.

Ninalolihofia hasa ni namba ya siri. Bibi akipotea kwenye menyu mara mbili, hunyoosha mkono na kusema, "Mjukuu wangu, nifanyie wewe." Ananipa simu, kisha ananitajia namba yake ya siri kwa sauti, watu wakiwa foleni. Namwambia, "Bibi, hiyo usimtajie mtu, hata mimi," nami namwongoza kwa maneno, chaguo hadi chaguo. Siyo kila atakayepewa simu hiyo atafanya hivyo. Tunawahimiza watu kila siku watunze siri zao, huku tukiwapa menyu inayowalazimisha kuomba msaada. Menyu iliyonyooka ni ulinzi wa pesa ya mnyonge.

Dawa haina gharama kubwa. Waundaji wa programu wana njia iitwayo kupanga kadi: kila huduma inaandikwa kwenye karatasi yake, watumiaji wanazipanga katika mafungu wanayoona yanafaa, kisha wanayapa mafungu hayo majina wenyewe. Kampuni zilete karatasi hizo Benaco siku ya soko, zilete na Biharamulo mjini, ziwape wauza ndizi, waendesha bodaboda na wazee wanaozungumza Kihangaza na Kishubi kuliko Kiswahili. Baadaye watu wa kampuni warudi na menyu yenyewe kwenye kitochi, wampe kila mtu kazi moja ya kukamilisha, wakae kando bila kumsaidia. Wasiwaulize kama imewapendeza. Wahesabu ni wangapi wamemaliza bila kumkabidhi mtu mwingine simu yao.