Tarakimu za Mizani Huundwaje?

Mkulima wa Bunda au Butiama apelekapo pamba kituoni, na mvuvi wa Musoma apimiwapo samaki wake kwa mizani ya kielektroni, malipo yao hutegemea tarakimu chache zing'aazo. Yafaa basi tujue tarakimu hizo huundwaje, na zaweza kupotoka vipi.

Kila tarakimu huundwa kwa vijiti saba vya nuru vilivyopangwa kwa umbo la 8. Tuvipe majina: A ni cha juu, B na C ni vya kulia, juu na chini, D ni cha chini kabisa, E na F ni vya kushoto, chini na juu, G ni cha katikati.

Mwenye kuviamrisha ni mikrokontrola, yaani kompyuta ndogo iliyomo yote katika kipande kimoja cha silikoni. Mtunga programu hukipa kila kijiti thamani: A ni 1, B 2, C 4, D 8, E 16, F 32, na G 64. Kisha huweka orodha katika kumbukumbu. Tarakimu 8, iwashayo vijiti vyote, ni 127. Tarakimu 6, isiyo na B, ni 125. Uzito ukipatikana, programu hutenganisha mamia, makumi na mamoja, kisha huisoma orodha.

Tarakimu nne zingehitaji nyaya 28 za vijiti. Badala yake, zote hushirikiana nyaya saba kwa zamu, na nyaya nyingine nne huchagua zamu ni ya ipi. Kila moja ikiwaka kwa milisekunde 2, mzunguko hurudiwa mara 125 kwa sekunde, na jicho huziona zote zikiwaka pamoja.

Lakini mikrokontrola ya kawaida huamuru tu, haioni kilichowaka. Kijiti B cha makumi kikifa, kilo 83 zitasomeka 63, na mkulima atapoteza kilo 20 ilhali mizani imepima sawasawa.

Ndiyo sababu mizani nyingi huonyesha 8 katika kila nafasi ziwashwapo. Msomaji, usigeuze uso wakati huo. Hakikisha kila 8 imetimia, tazama 0 kabla ya mzigo kupakiwa, na uangalie alama ya uhakiki ya Wakala wa Vipimo. Ukaguzi huo hauhitaji shahada. Wahitaji macho tu.