Mimea Miwili Katika Chungu Kimoja: Filamu Inayotufundisha Kuhusu Ndoa ya Uzeeni

Katika masomo ya uchungaji wa familia tunazoea kuzungumza sana juu ya wachumba na wanandoa wapya. Tunaandaa mafundisho ya ndoa, tunafunga ndoa, tunapiga picha mbele ya altare. Lakini ni mara chache tunakaa na kujiuliza: ndoa ya miaka arobaini inafananaje? Watu wawili waliozeeka pamoja, wanaoamka kila siku wakitazamana usoni, wanaambiana nini? Ndiyo maana katika makala hii tunapenda kuwaeleza habari za filamu moja inayojibu swali hilo kwa ukweli mkubwa.

Filamu hiyo inaitwa Cutie and the Boxer. Ilioneshwa kwa mara ya kwanza mwezi Januari 2013 katika tamasha la filamu la Sundance nchini Marekani, na mwongozaji wake, Zachary Heinzerling, akapata tuzo ya uongozaji kwa upande wa filamu za makala za Marekani. Hiyo ilikuwa filamu yake ndefu ya kwanza. Mwaka uliofuata iliingia katika orodha ya filamu zilizowania tuzo ya Oscar. Filamu ya makala haina waigizaji. Kamera inawafuata watu halisi katika maisha yao halisi, jikoni, kazini na mezani, nayo kazi ya mwongozaji ni kusubiri kwa uvumilivu na kuchagua kwa uaminifu.

Wao ni akina nani?

Mume anaitwa Ushio Shinohara, aliyezaliwa Tokyo mwaka 1932. Mwaka 1960 alikuwa mmoja wa vijana wa Kijapani walioanzisha kikundi cha wasanii waliotaka kuvunja taratibu zote za sanaa ya zamani. Yeye alijulikana kwa jambo moja la ajabu: anavaa glavu za ngumi zilizofungwa sponji, anazichovya katika rangi, kisha anaipiga turubai kubwa ngumi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Baada ya dakika chache mchoro umekwisha. Pia anatengeneza sanamu za pikipiki kwa maboksi ya kawaida. Mwaka 1969 alihamia New York kwa ufadhili wa masomo, akabaki huko.

Mke anaitwa Noriko. Alizaliwa Japani mwaka 1953, akafika New York mwaka 1972 akiwa msichana wa miaka 19, akitumiwa fedha na wazazi wake ili asomee sanaa. Muda si mrefu akakutana na Ushio, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 41. Fedha za masomo zikaanza kulipa mahitaji ya mwanaume yule. Wazazi walipojua, msaada ukakatika. Mwaka 1974 mtoto wao wa kiume akazaliwa. Tangu hapo, kwa miaka mingi, Noriko alikuwa mpishi, mlezi, msaidizi na mtunza hesabu wa msanii mashuhuri asiye na fedha. Kalamu yake mwenyewe ikawekwa kando.

Filamu inapoanza, Ushio anatimiza miaka 80. Wanaishi Brooklyn, katika nyumba iliyojaa turubai, makopo ya rangi na pikipiki za maboksi. Watu wanamheshimu, lakini kodi ya nyumba inawasumbua. Wageni kutoka jumba la makumbusho la Guggenheim wanakuja kutazama michoro yake, wanaisifia, lakini sifa hailipi kodi. Mzee anasafiri hadi Japani kwenda kuuza kazi zake na kurudi na noti mkononi. Hapo tunaona kitu ambacho familia nyingi za kwetu zinakijua vizuri: baba mwenye jina kubwa nje, na mama anayehesabu shilingi ndani.

Jeraha lililofichwa

Filamu hii haiwapambi wahusika wake. Kuna picha za zamani za video zinazomwonesha Ushio akiwa amelewa pamoja na marafiki zake, mpaka analia mbele yao. Ulevi ulikuwa mgeni wa kudumu katika nyumba ile kwa miaka mingi, mpaka mwili wake ulipoukataa. Mtoto alikua katikati ya hayo yote, na Noriko anaongea juu ya utoto ule kwa majuto ambayo hayajapona.

Kuna mahali Ushio anasema, kwa utani ambao si utani, kwamba mwenye kipaji kidogo hana budi kumsaidia mwenye kipaji kikubwa. Noriko hagombi. Anacheka kidogo na kuendelea na kazi yake. Hapo ndipo mtazamaji anapoanza kuelewa uzito alioubeba. Wahenga walisema vyombo vikikaa pamoja havikosi kugongana, lakini hapa chombo kimoja ndicho kilichokuwa kikigongwa.

Namna alivyopona inashangaza. Noriko alianza kuchora. Alimbuni msichana wa katuni mwenye mikia miwili ya nywele, akamwita Cutie. Mwanaume katika katuni hiyo anaitwa Bullie, jina linalotukumbusha fahali. Katika michoro hiyo Noriko anasimulia yote: mapenzi ya kwanza, mimba, umaskini, pombe, upweke. Mwongozaji amefanya michoro hiyo itembee katika filamu, hivyo tunayasikia maisha yao kutoka katika mkono wa yule ambaye kwa muda mrefu hakuulizwa kitu. Jambo alilolinyamazia mezani amelisema kwa wino, mbele ya mume wake, bila kumkimbia.

Filamu inaelekea kwenye maonyesho ambayo safari hii si ya mume peke yake. Kazi za wote wawili zinatundikwa, na watu wanasimama mbele ya michoro ya Noriko wakisoma. Mzee aliyezoea kuwa katikati ya ukumbi anajifunza kusogea pembeni kidogo. Si jambo jepesi kwake, nayo kamera inaliona hilo.

Tunajifunza nini?

Noriko mwenyewe anaifananisha ndoa yao na mimea miwili iliyopandwa katika chungu kimoja. Udongo ni uleule, maji ni yaleyale. Kuna siku hayatoshi wote wawili. Yote yakienda vizuri, yanachanua maua mawili. Tunadhani mfano huu unafaa kuingia katika mafundisho yetu ya ndoa, kwa sababu unatutaka tuulize swali ambalo mara nyingi tunalikwepa: ni nani katika nyumba hii anayekosa maji?

Hapa tuseme ukweli kuhusu sisi wenyewe. Mama anapokuja na machozi, jibu letu la haraka huwa ni neno moja: "Vumilia." Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika Wosia wa Kitume Amoris Laetitia wa mwaka 2016, alifafanua utenzi wa upendo wa Mtume Paulo neno kwa neno. Alipofika kwenye uvumilivu, alionya waziwazi kwamba kuvumilia si kukubali kuonewa siku zote wala kuwaacha wengine watufanye chombo cha matumizi. Mchungaji anayesema "vumilia" bila kumuuliza mume anafanya nini, anamwagia maji mmea mmoja tu. Na pale penye vipigo au hatari, kazi yetu ya kwanza ni kumlinda anayeumizwa.

Pili, Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Barua yake kwa Wasanii ya mwaka 1999, alifundisha kwamba si kila mtu ameitwa kuwa msanii kwa maana ya fani, lakini kila mtu amekabidhiwa kazi ya kuyatengeneza maisha yake. Kipaji ni dhamana kutoka kwa Mungu. Arusi haimpi mume hati ya kumiliki kipaji cha mke wake, wala mke cha mume wake. Katika parokia zetu wapo akina mama walioacha ualimu, kwaya, ushonaji au masomo ili wengine wasonge mbele. Baadhi yao walitoa kwa hiari na kwa furaha, na sadaka hiyo ni tukufu. Wengine hawakuulizwa kamwe. Tukiwatembelea, tujifunze kuuliza: "Mama, wewe ulipenda kufanya nini?"

Tatu, filamu hii haimgeuzi Ushio kuwa shetani. Ni mtu mcheshi, mchapakazi, anayemhitaji mke wake kuliko anavyoweza kukiri. Noriko naye hafichi kwamba anampenda. Upendo wao umebeba makovu, lakini bado wanakula meza moja na kuchekana.

Majina ya watengenezaji yanapopita mwishoni, tunawaona wazee hao wawili wamevaa glavu zenye rangi, wanapigana ngumi wao kwa wao, polepole, mpaka wote wamechafuka. Kila mmoja amepigwa, kila mmoja amepakwa rangi ya mwenzake. Tuliitazama sehemu hiyo tukiwakumbuka wazee wa jumuiya zetu ndogondogo waliofikisha jubilei ya dhahabu ya ndoa. Tuwapongeze kwa miaka hamsini, kisha tupate muda wa kuketi na kila mmoja wao na kumsikiliza.