Shingo ya Gitaa la Besi: Sehemu 84, Majina 12

Gitaa la besi la kawaida lina nyuzi nne, ambazo hukazwa zitoe E, A, D na G kuanzia ule mnene kabisa. Uzi wa E ukipigwa wazi, bila kubonyezwa popote, hutetema takriban mara 41 kwa sekunde. Ule wa G hufika 98. Kati ya uzi na unaoufuata pana nusu toni tano, wala hakuna pengo linalotofautiana na jingine. Leo Fender wa California alipotoa Precision Bass mwaka 1951, mpangilio huo aliukuta tayari kwenye besi kubwa ya kusimama. Yeye aliupeleka kwenye gitaa la umeme lenye freti, vile vyuma vyembamba vinavyokata shingo kwa upana. Besi ya kusimama haina freti, hivyo kidole kikiteleza kidogo tu nota huchuja.

Kila freti hupandisha sauti kwa nusu toni. Freti ya 12 hukaa katikati kabisa ya uzi, na hapo jina la uzi wazi hurudi, oktava moja juu. Freti hazijapangwa kwa nafasi sawa. Kwenye besi ambayo uzi wake una urefu wa inchi 34, freti ya kwanza iko milimita 48 hivi kutoka mwanzo wa uzi, ilhali kati ya freti ya 11 na ya 12 hazizidi 26. Ndiyo maana vidole vya anayeanza huchoka upesi kwenye freti za mwanzo.

Precision ya mwanzo ilikuwa na freti 20. Ukijumlisha na nyuzi wazi, zinapatikana sehemu 84 za kupiga, lakini sauti zilizo tofauti ni 36 tu, na majina ni 12. G ya uzi mwembamba ukiwa wazi inapatikana pia freti ya 5 ya uzi wa D, ya 10 ya A na ya 15 ya E. Kimo cha sauti ni kilekile. Kinachobadilika ni rangi yake, kwani uzi mnene hutoa sauti nzito na butu zaidi.

Kwa hiyo hakuna haja ya kukariri sehemu zote. Zinatosha nyuzi mbili nene. Kwenye E, nota zisizo na shapu wala flati ni F freti ya 1, G ya 3, A ya 5, B ya 7, C ya 8 na D ya 10. E na F zimepakana, vivyo hivyo B na C; majirani wengine wote huacha freti moja katikati. Vidoti vya freti ya 3, 5 na 7 huangukia G, A na B kwenye uzi wa E, na C, D na E kwenye uzi wa A. Nyuzi mbili nyembamba hupatikana kwa kuruka: acha uzi mmoja, songa freti mbili mbele. G ya freti ya 3 kwenye E huzaa G ya freti ya 5 kwenye D.

Aliyetoka kwaya ana faida hapa, ingawa ina mtego. Do ya solfa huhama kila ufunguo unapobadilika, na maumbo ya vidole huhama vivyo hivyo. Do ikiwa freti ya 3 ya uzi wa E, fa iko freti hiyohiyo ya uzi wa A, na so freti mbili mbele yake: G, C, D. Umbo zima likisogezwa hadi freti ya 5, linakuwa A, D, E. Kwenye gitaa la solo umbo la namna hii huvunjika kati ya uzi wa G na wa B; kwenye besi halivunjiki. Mtego ni kwamba mkono huzoea umbo bila kujua majina, na bendi ikitangaza F, mpigaji huanza kupapasa.

Dawa yake ni kutafuta nota moja shingo nzima kabla ya kwenda nyingine. C, kwa mfano, ipo freti ya 8 na ya 20 kwenye E, ya 3 na ya 15 kwenye A, ya 10 kwenye D, ya 5 na ya 17 kwenye G.