Onja toti kabla ya kununua pipa

Na Mwandishi Wetu

WAWEKEZAJI wadogo wanaoshawishiwa kuweka fedha zao katika wiski ya Uskoti wana mahali pa kuanzia pasipohitaji dalali wala wakala. Mahali hapo ni baa yenye rafu nzuri ya wiski za kimea. Kwa bei ya toti chache, mtu anaweza kuijua bidhaa, bei yake na mwendo wake sokoni kabla ya kutoa maelfu ya pauni kwa ajili ya pipa ambalo huenda hatalitia machoni maisha yake yote.

Tahadhari hiyo ina sababu. Mauzo ya wiski ya Uskoti katika nchi za nje yalifikia pauni bilioni 6.2 mwaka 2022, kwa mujibu wa Chama cha Wiski cha Uskoti. Mwaka 2023 yalishuka hadi pauni bilioni 5.6, na mwaka 2024 yakawa pauni bilioni 5.4. Novemba 2023 chupa moja ya Macallan ya mwaka 1926 iliuzwa London katika mnada wa Sotheby's kwa zaidi ya pauni milioni 2.1, bei ambayo haikuwahi kufikiwa na chupa nyingine ya wiski. Lakini wakati huo huo bei za chupa nyingi za kawaida mnadani zilikuwa tayari zimeanza kuteremka.

Mnunuzi aliyesoma habari za chupa hiyo moja tu angedhani soko zima linapanda.

BIDHAA YENYEWE

Wiski ya kimea ya kiwanda kimoja hutengenezwa kwa shayiri iliyooteshwa kimea, maji na hamira, na hutoneshwa katika mitungi ya shaba ndani ya kiwanda kimoja. Sheria inataka ikae ndani ya mapipa ya mwaloni huko huko Uskoti kwa muda usiopungua miaka mitatu, na iwe na kileo kisichopungua asilimia 40 inapotiwa katika chupa. Umri unaoandikwa kwenye lebo ni wa wiski changa kuliko zote zilizomo. Chupa ya miaka 12 inaweza kuwa na ya miaka 20 ndani yake, lakini haiwezi kuwa na ya miaka 11.

Kwa miongo mingi sehemu kubwa ya wiski hiyo iliishia katika wiski za mchanganyiko, zile zinazouzwa kwa wingi duniani kote. Glenfiddich ilianza kuisukuma wiski yake ya kimea katika masoko ya nje mwaka 1963. Mwaka 1988 kampuni ya United Distillers ilikusanya wiski sita za sehemu mbalimbali za Uskoti, zikiwamo Lagavulin, Talisker na Oban, ikazipeleka baa zikiwa seti moja ya kupangwa pamoja kaunta. Mteja aliyezoea kuagiza "wiski" tu akaanza kuagiza kwa jina la kiwanda.

Leo Uskoti ina viwanda zaidi ya 150. Hakuna duka linaloweza kumwonjesha mteja hata robo ya bidhaa hizo. Kazi hiyo imebaki kwa baa.

BAA ZINAZOTAFUTWA

Mkoa wenye viwanda vingi zaidi ni Speyside, kaskazini-mashariki ya nchi. Katika kijiji cha Craigellachie, kando ya mto Spey, ipo hoteli ya tangu mwisho wa karne ya 19 ambayo baa yake, Quaich, hujitangaza kuwa na aina zaidi ya 1,000. Hatua chache kutoka hapo ipo Highlander Inn, yenye sifa pia ya wiski za Kijapani. Kiwanda cha Macallan kiko ng'ambo ya mto, na karakana ya kutengeneza na kukarabati mapipa iko pembeni mwa kijiji. Mgeni anaweza kuliona pipa likifungwa pete za chuma asubuhi, na jioni akaonja kilichotoka katika pipa la namna hiyo.

Mjini Glasgow wapenzi wa kinywaji hicho huenda Pot Still katika barabara ya Hope, au Bon Accord katika barabara ya North. Zote mbili zina mamia ya chupa, na zote ni baa za kawaida za mjini, ambako fundi bomba na mwanasheria husimama kaunta moja. Edinburgh wanayo Bow Bar, chumba kimoja kidogo kisicho na mbwembwe.

Kisiwani Islay, kwenye wiski zenye moshi wa mboji kama Ardbeg, Laphroaig na Lagavulin, baa za hoteli za Bowmore na Port Charlotte huweka chupa za viwanda vya jirani ambazo ni adimu kwingineko. Campbeltown, mji uliokuwa na viwanda zaidi ya 20 katika karne ya 19, ulibakiwa na vichache mno, na wiski ya Springbank ya huko hugawiwa kwa mgao. Asiyeweza kuipata chupa yake dukani, toti yake anaweza kuipata katika baa ya hoteli ya Ardshiel.

Tofauti na hizo ni klabu. Scotch Malt Whisky Society ilianzishwa Edinburgh mwaka 1983 na huuza wiski ya pipa moja moja kwa wanachama wake. Chupa zake hubeba namba badala ya jina la kiwanda, ili mnywaji ahukumu kwa ulimi. Kampuni inayoimiliki, Artisanal Spirits Company, iliingia katika soko la hisa la AIM la London Juni 2021 kwa pensi 112 kwa hisa. Bei hiyo baadaye ilianguka hadi chini ya nusu. Wiski nzuri, basi, si lazima iwe hisa nzuri.

HESABU YA RAFU

Wageni wengi huhesabu chupa wanapoingia baa. Mfanyabiashara aangalie kingine: chupa hizo zinatembea au zimelala?

Tuchukue mfano. Chupa ya sentilita 70 imemgharimu mwenye baa pauni 56. Sheria ya Uingereza inamtaka auze wiski kwa vipimo vya mililita 25 au 35, na abandike tangazo la kipimo anachotumia. Kwa mililita 25 anapata toti 28, na kila moja imemgharimu pauni 2. Akiuza kwa pauni 6, pauni 1 ni kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20, hivyo anabakiwa na pauni 5. Chupa nzima itampa pauni 140, yaani pauni 84 juu ya bei ya kununulia, kabla ya mishahara, kodi ya pango, umeme na matone yanayomwagika.

Faida hiyo inapendeza, lakini mtaji wake haurudi mpaka auze toti ya 12. Tuseme ana chupa 300 za bei hiyo. Amelaza pauni 16,800 rafuni. Akiuza toti 10 kwa siku, ni wastani wa toti moja kwa kila chupa kwa mwezi. Mtaji wa chupa moja utarudi baada ya mwaka mzima, na chupa yenyewe itamalizika baada ya miezi 28.

Jirani yake mwenye chupa 60 ameweka pauni 3,360 tu. Naye akiuza toti 10 kwa siku, kila chupa inatoa toti tano kwa mwezi. Mtaji unarudi katika mwezi wa tatu, na chupa inakwisha kabla ya miezi sita. Mauzo ni yale yale, lakini mmoja amefunga mtaji mara tano ya mwenzake. Kama fedha hizo ni za mkopo, riba inaendelea kula wakati chupa zinang'ara.

Mnywaji naye anaathirika. Chupa ikishafunguliwa na kubaki robo, hewa iliyo ndani huanza kuififisha ladha kadiri miezi inavyopita. Rafu ndefu katika baa isiyo na wateja ni makumbusho. Ndiyo maana wenye baa wenye uzoefu huwa na majina machache yanayokimbia, na faida ya hayo hubeba chupa adimu zinazowaleta wageni kutoka mbali.

Serikali nayo ina fungu lake. Februari 2025 ushuru wa vinywaji vikali ulipandishwa hadi pauni 32.79 kwa lita ya kileo halisi, sawa na takriban pauni 9.18 kwa chupa ya sentilita 70 yenye kileo cha asilimia 40, kabla ya kodi ya ongezeko la thamani. Uskoti kwenyewe ipo pia bei ya chini ya kisheria. Tangu Septemba 2024 chupa kama hiyo haiwezi kuuzwa kwa chini ya pauni 18.20.

CHUPA YA ST. MORITZ

Jina kubwa na rafu kubwa si kinga dhidi ya bidhaa bandia. Mwaka 2017 baa ya Hoteli Waldhaus am See mjini St. Moritz, Uswisi, ambayo imepata kutambuliwa kuwa na mkusanyiko mkubwa kupita zote wa wiski, ilimuuzia mwandishi wa Kichina toti ya sentilita 2 kutoka chupa iliyoandikwa Macallan 1878. Alilipa faranga 9,999 za Uswisi.

Picha za chupa hiyo ziliposambaa, wataalamu walitilia shaka kizibo na lebo yake. Hoteli ilipeleka sampuli Uingereza. Kipimo cha kaboni kilichofanywa Oxford kilionyesha kuwa kinywaji hicho, kwa uwezekano mkubwa, kilitengenezwa kati ya mwaka 1970 na 1972. Uchunguzi mwingine ulionyesha kuwa hakikuwa hata wiski ya kimea tupu. Kilikuwa mchanganyiko.

Hoteli ilimrudishia mteja fedha zake zote. Familia yenye hoteli ilikuwa imeinunua chupa hiyo miaka mingi nyuma kwa nia njema, na wala haikujua. Laiti chupa isingefunguliwa, ingeweza kuendelea kupita mikononi mwa watu, kila mmoja akiamini lebo.

MAPIPA YA SIMU

Kama chupa iliyo mbele ya macho inaweza kudanganya, pipa lililo mbali lina hatari zaidi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na katika miaka ya karibuni mapipa ya wiski yamejitembeza sana kwa simu na matangazo yanayoahidi faida nono. Machi 2025 shirika la utangazaji la BBC lilitoa uchunguzi ulioonyesha wawekezaji waliouziwa mapipa kwa bei ya kupindukia, na mengine yaliyouzwa kwa zaidi ya mtu mmoja. Polisi wa Jiji la London walikuwa wakichunguza mashauri ya aina hiyo.

Wiski inayokomaa hukaa katika ghala lililo chini ya udhibiti wa forodha, na mwenye ghala ndiye anayeandika katika vitabu vyake nani ni mmiliki wa pipa. Cheti chenye muhuri wa dhahabu kutoka kwa muuzaji hakitoshi. Mnunuzi anatakiwa apate hati ya kukabidhiwa ambayo mwenye ghala ameithibitisha, ajue namba ya pipa, aina yake, ujazo uliopimwa karibuni na nguvu ya kileo. Kila mwaka pipa hupoteza kiasi cha asilimia 2 kwa mvuke. Likishuka chini ya asilimia 40 ya kileo, kilichomo hakiwezi tena kuuzwa kwa jina la wiski ya Uskoti. Zipo pia gharama za ghala na bima kila mwaka, ambazo matangazo huzitaja kwa herufi ndogo.

NAMNA YA KUCHAGUA BAA

Kwa anayesafiri kibiashara na kutaka kujifunza, dalili za baa nzuri si nyingi. Iwe na orodha iliyochapishwa yenye bei ya kila toti. Kipimo kiwe wazi, kwa sababu toti ya pauni 6 ya mililita 25 ni ghali kuliko ya pauni 7.70 ya mililita 35. Chupa ziwe katika viwango mbalimbali, dalili kwamba zinauzwa. Ziwepo chupa za wanunuzi huru wa mapipa, kama Gordon & MacPhail wa Elgin au Cadenhead's wa Campbeltown, kwa sababu hizo humwonyesha mnywaji jinsi mapipa mawili ya kiwanda kimoja yanavyotofautiana. Na mhudumu aulize kwanza mteja anapenda nini, kabla ya kunyoosha mkono kwenye chupa ya bei kubwa.

Kwa pauni 60 mtu hununua chupa moja ya kubahatisha, au toti 10 za viwanda 10 kwa bei ya mfano wetu, kwa siku kadhaa. Hata mfanyabiashara asiyetumia kileo anaweza kukaa kaunta na soda yake akasoma orodha ya bei, akaona chupa ipi inashuka na ipi ina vumbi.

Na dalali wa pipa akipiga simu, aulizwe swali moja kwanza: wiski ya kiwanda hicho inauzwa toti shilingi ngapi, na katika baa gani? Asipojua, mwenye fedha zake azihifadhi.