Mguu Ulioacha Kuuma

"Uzee, mwanangu." Ndilo jibu tunalopewa na wazee wengi hapa Rwamgasa, mimi na akina mama wenzangu wa kanisani, tunapowatembelea na kuwauliza kwa nini wanachechemea. Mimi ni muuguzi, na jibu hilo silikubali.

Kisigino kinachochoma mzee anapokanyaga chini asubuhi, kisha kikapoa akishatembea kidogo, mara nyingi ni utando wa chini ya wayo ulioumia. Kidole gumba kikivimba ghafla usiku, kisitake kuguswa hata na shuka, huenda ni jongo. Shavu la mguu linalouma njiani na kutulia akisimama huashiria mishipa ya damu iliyoziba, hasa kwa aliyevuta tumbaku miaka mingi. Na wengine huumizwa tu na viatu vya kubana, walivyoachiwa na wajukuu!

Lakini mguu unaonitia hofu ni ule ulioacha kuuma. Bibi mmoja alilalamika muda mrefu kuwa nyayo zinawaka moto usiku. Baadaye akasema amepona. Mkwewe akafurahi, akaendelea kumkanda kwa maji ya moto kila jioni, mpaka siku alipoona malengelenge wayoni. Bibi hakuwa amehisi lolote. Tulipompima, sukari ilikuwa juu sana. Kisukari kilikuwa kimeharibu mishipa ya fahamu, na alichokiita kupona kilikuwa ganzi.

Mwaka 2005 Dk. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake waliandika kuhusu wagonjwa wa kisukari waliotafunwa miguu na panya usingizini. Kwetu kwenye makarasha na mialo ya dhahabu, kipande cha jiwe ndani ya ndala kinatosha.

Basi, mama, mwoshe mzee wako miguu kwa maji ya uvuguvugu, uyapime kwa kiwiko kama ya mtoto mchanga. Kausha katikati ya vidole. Mulika wayo kwa taa. Kung'uta viatu kabla hajavaa, na sugu usizikate kwa wembe. Ukiona kidonda, hata kidogo kisichouma, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo, na uombe apimwe sukari.

Kidonda cha bibi yule kilichukua miezi mitatu kufunga. Vidole vyake vyote anavyo.